Nyota Moja kwa Mzee Lyle

Kila mtu katika mji mdogo wa Alder Falls alilitukana duka kubwa la wawindaji la Timberhorn, na kila mtu alikuwa na mfuko wa Timberhorn nyumbani kwake. Hilo ndilo la kwanza kulijua kuhusu watu hawa. Asubuhi walikaa kwenye meza ndefu ya kituo cha mafuta cha ushirika, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa, wakaliponda lile duka mpaka likabaki unga. Bei zake za wizi. Wauzaji wake hawajui kutofautisha kulungu na mbuzi. Ule mlima wa bandia wa ndani uliojaa dubu waliojazwa pamba ni wa kuwadanganyia watu wa Chicago. Halafu ikifika Jumamosi waliwasha magari, wakaenda maili arobaini na nane kuelekea kusini, wakarudi na soksi, risasi na mashine ya kukaushia nyama ambayo hakuna aliyeihitaji.

"Mimi nafuata choo tu," alikuwa akisema Gordy Sobczak. "Choo chao, jamani, unaweza kulia chakula cha Krismasi mle ndani."

"Na hizo buti umeziokota chooni?"

"Hizi zilikuwa zimeshushwa bei. Kuacha kitu kilichoshushwa bei ni dhambi, kamuulize mchungaji."

Rodney Haapala alicheka pamoja nao. Alikuwa na miaka hamsini na sita, dereva wa gari la kusukuma theluji, na alikuwa amemwoa dada yake Gordy. Mtu wa kawaida kabisa, isipokuwa kwa heshima moja aliyokuwa nayo mjini. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amefundisha darasa la usalama wa uwindaji katika chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, bila malipo. Nusu ya wawindaji wa Alder Falls walipita mikononi mwake, na wengine mpaka leo, watu wazima wenye mvi zao, walimwita Mwalimu.

Jambo moja halikuchekwa pale mezani, nalo ni habari ya Lyle Brusewitz. Lyle alikuwa na kiduka cha pinde kwenye zizi la zamani nyuma ya nyumba yake, na kwa miaka thelathini na moja hakuna upinde uliofungwa ugwe, ile kamba yake, pale Alder Falls bila kupita kwenye vidole vyake. Timberhorn lilipofunguliwa, wateja wakaanza kupungua mmoja mmoja, na baada ya miaka miwili Lyle akafunga mlango. Hakuna aliyeuliza nani alimfungisha. Timberhorn hawakuwa wajinga, wakamwajiri yeye yeye, wakamvika kizibao cha kijani na kumweka kwenye kaunta ya pinde. Kwa hiyo watu wa Alder Falls wakawa wanaendesha maili arobaini na nane kwenda kuhudumiwa na mzee anayeishi mitaa mitatu kutoka kwao. Ukiwauliza walikuwa wanafikiri nini, wanatazama ndani ya kahawa.

Agosti ile Rodney naye akaenda. Alinunua upinde wa kisasa, ule wenye gurudumu kila ncha, na Lyle akamfungia ugwe kwa mikono yake, akampima urefu wa mkono, akarekebisha hapa na pale kwa dakika arobaini nzima huku foleni ikinung'unika nyuma.

"Huu sasa ni wako," Lyle alimwambia. "Mwingine akiuvuta, upinde wenyewe utamkataa."

Msimu wa kuwinda kwa upinde ulikuwa unafunguliwa Jumamosi ya katikati ya Septemba. Ijumaa alasiri Rodney alisimama peke yake kwenye gereji, mlango wazi, na hamu ikamzidi. Akauchukua upinde. Akauvuta mpaka mwisho ili ausikie tu begani, akalenga sanduku la barua la jirani ng'ambo ya barabara, akafumba jicho moja kama mwindaji wa kwenye kalenda. Hakuwa ameweka mshale. Kidole chake kikagusa kifyatulio, kile kidude kinachouachia ugwe.

Mshale ndio unaobeba nguvu za upinde na kwenda nazo. Pasipo mshale, nguvu zile zote huurudia upinde wenyewe. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya darasa la Rodney. Alikuwa akiwasimamisha wanafunzi na kuwafanya waitamke mara tatu kwa sauti, na asiyetamka harudi kukaa. Sasa ilimlipukia yeye, mlio mkali uliomziba masikio. Ugwe ukaruka kutoka kwenye magurudumu, ukamchapa mkono na kumchana chini ya jicho, na gurudumu la juu likapinda.

Alikuwa bado amesimama, damu inamchuruzika shavuni, Gordy alipoingia na katoni ya bia begani.

"Mungu wangu! Shemeji! Nini hicho?"

Na hapo, kabla akili haijafika, mdomo ukawa umeshafika. "Umepasuka," Rodney alisema. "Mshale wa tatu tu. Umenipasukia usoni hivi hivi."

"Alikufungia nani?"

Rodney angeweza kunyamaza. Angeweza kusema sijui. "Lyle," alisema.

Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa ya wengine. Rodney hakuwa na chuki yoyote na Lyle. Alichokuwa nacho ni aibu tu. Aliona tayari ile meza ya kahawa ikipigwa makofi kwa vicheko: Mwalimu kafyatua upinde mtupu! Kwenye gereji! Akiwinda sanduku la barua! Wangekwenda nayo mpaka kaburini kwake. Aibu ya namna hiyo ilimtisha kuliko uongo, akauchagua uongo.

Jumatatu aliurudisha upinde. Lyle hakuwa kwenye zamu. Mwanamke wa dawati la marejesho hata hakuuliza maswali, maana Timberhorn wana tabia hiyo, wanakupa kipya ili usilalamike. Aliutupa ule uliovunjika kwenye kontena la vitu vilivyorudishwa, akamkabidhi mwingine na kumtakia msimu mwema. Mambo yangeishia pale. Lakini Gordy alikuwa ameshaipeleka habari kwenye meza ya kahawa, na mdomoni mwa Gordy kidonda kile kilikuwa kimekua.

"Jicho lilikuwa linaning'inia!" alisema Gordy.

"Halikuwa linaning'inia," alisema Rodney.

"Karibu lining'inie. Mwacheni, huyu ni mstahimilivu. Mimi ningewashtaki."

"Angalau kaandike kwenye mtandao wao," alisema mwingine. "Lile duka linaogopa nyota tu. Wape moja uone wanavyotetemeka."

Wote wakaafiki, na raha yao ilikuwa kubwa. Kwa miaka sita walikuwa wamelitukana Timberhorn bila ushahidi wowote, na sasa ushahidi umekaa mbele yao na plasta shavuni. Jioni ile Rodney akaketi na simu yake na kuandika, kwa jina la kubuni la Mzee wa Theluji:

*Nyota moja. Nilinunua upinde hapa mwezi wa nane. Mshale wa tatu, ukanipasukia usoni. Nusu inchi zaidi ningekuwa kipofu. Aliyeufunga ni yule mzee wa kaunta ya pinde, ambaye ni wazi hana tena macho wala mikono ya kazi hii. Duka kubwa hivi halioni haya? Kama unawapenda watoto wako, wapeleke kwingine.*

Aliyasoma tena na kuyaona yameandikwa vizuri. Huo ndio ubaya wenyewe. Yalimpendeza.

Maoni yale yalishika moto. Kwa wiki moja watu mia mbili na kumi na wawili walibonyeza kwamba yamewasaidia. Mtu wa mji wa Eau Claire aliongeza kwamba yeye pia alimwona mzee yule akikodoa macho. Mama mmoja alishukuru kwa kuokolewa, maana alikuwa karibu kumnunulia binti yake upinde pale. Mwingine alilalamikia bei ya peremende za siagi, nyota mbili, na kumalizia, "hata hivyo wale samaki wa tangi ni wazuri." Rodney aliyasoma yote wakati wa chakula cha mchana, ndani ya gari la wilaya, na kila idadi ilipopanda alijisikia mtu mwenye neno. Kila alipokumbuka kwamba hakukuwa na mshale alilisukuma wazo lile pembeni.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya Rodney ilikuwa na urefu wa maili arobaini na nane, na alifika mwisho wake katikati ya Novemba, wiki moja kabla ya msimu wa bunduki. Noreen, mkewe, alimtuma glavu. Duka lilikuwa limefurika watu waliovaa rangi ya machungwa ya wawindaji. Mlangoni, katikati ya upepo unaoingia kila mlango unapofunguka, alisimama Lyle Brusewitz na kidude mkononi cha kuhesabia watu wanaoingia. Tik, tik, tik. "Karibuni Timberhorn. Karibuni. Toroli ziko kushoto kwenu."

Rodney alitaka kurudi nje lakini nyuma yake kulikuwa na familia nzima na mbwa wao.

"Rodney!" Lyle alimshika mkono, kisha akamvuta pembeni, karibu na dubu aliyesimama. Alikuwa amekonda. Aliinua uso, akamkagua Rodney shavuni kwa makini, kama daktari. "Jicho lako vipi? Linaona?"

"Linaona, Lyle. Lilikuwa jambo dogo."

"Usinifiche. Gordy alinieleza lilivyokuwa." Lyle alishusha sauti. "Nilitaka kuja kwako kuomba radhi, nikashindwa. Mara mbili nimefika mpaka kwenye kona yako nikageuza gari. Unisamehe, ndugu yangu."

Rodney alimtazama yule dubu. "Hakuna cha kusamehe."

"Kipo. Mimi nafikiri ni haya macho. Walinitoa mtoto wa jicho mwezi wa sita, wakaniambia naona kama kijana, nami nikaamini. Usiku na mchana naufikiria upinde wako. Najiuliza, ugwe ulikuwa haujakaa kwenye mfereji wake? Nilisahau kukaza? Nauona mkono wangu ukifanya kila kitu sawasawa, halafu nakumbuka kwamba haukuwa sawasawa." Alicheka kidogo bila furaha. "Ungekuwa umepofuka, nisingejua nimtazameje Noreen."

"Lyle..."

"Nenda, nenda kanunue vitu vyako. Nikiacha kuhesabu wananisema." Akarudi mlangoni. Tik, tik.

Rodney alisahau glavu. Alizunguka kwenye vijia vya duka lile bila kuona kitu, roho ikimsuta kwa kila hatua, mpaka akajikuta mbele ya dawati la meneja. Meneja aliitwa Marcy Dufek, mwanamke mwenye nywele fupi na kalamu tatu mfukoni.

"Nimekuja kuhusu mzee Lyle," Rodney alisema. "Kuna maoni fulani yaliandikwa mtandaoni. Nadhani si ya haki. Mrudisheni kwenye kaunta yake."

"Wewe ni ndugu yake?"

"Mimi ni mteja. Anajua kazi kuliko watu wote mlio nao humu."

"Najua hivyo." Marcy aliweka chini karatasi alizoshika. "Baba, kila siku tunapata maoni mia. Wiki iliyopita mtu katupa nyota moja kwa sababu alimkosa kulungu. Unadhani tunamwondoa mtu kwa ajili hiyo? Sisi hatukumtoa Lyle."

"Nani alimtoa?"

"Alijitoa mwenyewe. Alisoma yale maoni, akaja hapa ulipo, akavua funguo za karakana na kuziweka mezani. Akasema mtu asiyeweza kuiamini mikono yake hana haki ya kugusa upinde wa mtu mwingine. Nilimbembeleza siku mbili. Kazi ya mlangoni aliiomba yeye." Akamtazama Rodney. "Kama unajua kitu kuhusu upinde ule, mwambie yeye. Mimi ananiona nambembeleza tu."

Rodney akafungua mdomo. Watu wawili walikuwa wamesimama nyuma yake kwenye foleni, na mmoja alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, aliyemwinulia mkono kwa heshima. Akaufunga mdomo. Akatoka kwa mlango wa pembeni, upande wanakouza boti, ili asipite mbele ya Lyle, na hilo ndilo lililomchoma zaidi njiani, kwamba hata baada ya kusikia yote yale bado alikwepa.

Nyumbani aliyafuta yale maoni. Ilichukua muda wa kubonyeza mara mbili. Alikaa akisubiri nafuu, nafuu haikuja, maana kufuta maneno kwenye simu hakukumrudishia mtu mikono yake. Kisha akaandika mengine, nyota tano, kwamba mzee wa kaunta ya pinde ni hodari. Watu wawili walibonyeza kwamba yamewasaidia. Mmoja alikuwa Noreen.

"Umeanza lini kusifia watu mtandaoni?" Noreen aliuliza. Alikuwa akikunja nguo. "Na glavu zangu?"

Basi akamwambia, amesimama hapo hapo kwenye mlango wa chumba cha kufulia. Noreen alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika soksi moja.

"Hukuwa na mshale," alisema.

"Sikuwa nao."

"Na ulimsikia Lyle akikuomba radhi. Ukasimama ukapokea."

"Nilipokea."

"Rodney, mimi nimekuona umelewa, nimekuona unalia, nimekuona umekwama kwenye dirisha la bafu. Sijawahi kukuonea haya mpaka leo." Akaweka soksi juu ya mashine. "Usiniambie mimi. Aliyeharibiwa si mimi."

Siku ya pili ilikuwa Jumapili. Baada ya ibada Rodney alitembea ile mitaa mitatu kwa miguu, kwenye theluji ya kwanza, akijipa maneno. Angeanza na samahani? Angeanza na upinde? Wakati anapiga hodi maneno yote yalikuwa yametoweka.

Ione, mke wa Lyle, alifungua. "Karibu. Vua viatu, sakafu nimeipiga deki sasa hivi." Rodney akaingia jikoni na soksi zake, na moja ilikuwa na tundu. Lyle alikuwa mezani akipanga vipande vya picha ya kuunganishwa, kimoja kimoja, akikileta kila kipande karibu na pua. Zizi la nyuma lilionekana dirishani.

"Ione anasema hii inasaidia macho," Lyle alisema. "Kaa. Kahawa ipo."

"Nitasimama. Lyle, upinde wangu haukuwa na mshale."

Lyle alibaki na kipande mkononi. "Sema tena?"

"Hakukuwa na mshale wa tatu. Hakukuwa na mshale hata mmoja. Nilifyatua upinde mtupu kwenye gereji, nikichezacheza. Gordy akaingia, nikaona aibu kwa sababu ya darasa, nikakutaja wewe. Yale maoni niliandika mimi. Hukukosea kitu. Ulikuwa umefungwa vizuri kuliko upinde wowote niliowahi kushika."

Rodney alisubiri kufukuzwa, alikuwa tayari, karibu alitamani. Lyle alikiweka kipande chini. Akaigeuza mikono yake juu ya meza, viganja juu, akaitazama.

"Kumbe si mimi," alisema polepole. Na uso wake ukafunguka. "Kumbe si mimi! Ione! Ione, njoo, njoo usikie! Rodney, mwambie. Mwambie kama ulivyoniambia."

Ione alikuwa amesimama kwenye sinki muda wote, mgongo umewaelekea. Akageuka akijifuta mikono. Rodney akarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu Lyle alikuwa akitikisa kichwa kukubali kwa furaha kwenye kila neno, kama mtu anayesomewa barua njema, na Ione hakutikisa chochote.

"Asante," Lyle alisema. Alikuwa na machozi. "Asante kwa kuja kuniambia. Wengine wasingekuja."

Rodney angependa kutukanwa. Matusi angeyabeba mpaka nyumbani, angeyalalia, angezoea. Asante ile hakujua pa kuiweka.

"Umemshukuru," Ione alimwambia mumewe. "Sawa, hiyo ni yako. Mimi bado." Akavuta droo iliyo chini ya simu ya ukutani, akatoa daftari dogo na kuliweka mbele ya Rodney, juu ya vipande vya picha. "Unajua hiki ni nini?"

Yalikuwa majina, kwa mwandiko wa Lyle, na namba za simu. Kila jina lilikuwa na alama ya vema pembeni.

"Watu arobaini na mmoja," Ione alisema. "Kila aliyemfungia upinde tangu atoke hospitali. Alipoyasoma maneno yako alikaa kwenye kiti hicho siku nzima akawapigia wote, mmoja baada ya mwingine. Msiufyatue, aliwaambia, mpaka mtu mwingine aukague. Macho yangu yameniangusha. Nimezeeka. Naomba radhi. Alisema hivyo mara arobaini na moja, Rodney, na mimi nilikuwa hapo kwenye sinki nikisikia kila moja."

"Ione," Lyle alisema, "yamepita."

"Hayajapita. Kuna mtu hata mmoja kati ya hawa anayejua kwamba si wewe?"

Rodney alisema, "Nitaandika leo. Kwa jina langu kamili. Kila kitu."

"Andika," Lyle alisema taratibu. "Hao mia mbili uwaandikie. Lakini hawa hawakuambiwa na mtandao. Niliwaambia mimi, kwa mdomo wangu." Alisita, na Rodney aliona kwamba mzee anataka kitu na anaona vibaya kukiomba. "Kama ungeweza kuanza na huyu wa juu. Janelle. Nilimfungia mwezi wa saba, alipokuja likizo."

Janelle alikuwa binti yao, anaishi Duluth. Rodney alimjua. Alikuwa amekaa safu ya mbele katika darasa lake akiwa na miaka kumi na tano.

"Tangu ana miaka saba hajawahi kutumia upinde ambao sikuufunga mimi," Lyle alisema. "Mwaka huu kaufungisha kwa mtu mwingine. Nilimwambia mimi mwenyewe aupeleke. Alikataa, tukagombana, nikamlazimisha."

Ione alishapiga namba. Akamkabidhi Rodney mkono wa simu. Simu ililia mara tatu upande wa pili.

"Baba?"

"Si Baba," Rodney alisema. "Ni Rodney Haapala."

"Mwalimu?" Sauti ikapanda. "Baba amepatwa na nini?"

"Mzima. Yuko hapa, mzima kabisa. Janelle, nataka kukuambia kitu kuhusu ule upinde uliopasuka." Akamwambia. Aliutaja mshale ambao haukuwepo, na gereji, na maneno aliyoandika kuhusu macho na mikono ya baba yake. Hakulia na hakujitetea, ingawa alitamani vyote viwili.

Rodney alisikia redio mbali kule Duluth, na mtu akifunga kabati.

"Alinililia kwenye simu," Janelle alisema mwishowe. "Baba yangu. Sikuwahi kumsikia akilia." Kisha, "Mpe simu."

Lyle aliipokea kwa mikono yote miwili, akajisogeza dirishani mpaka waya ukanyooka. "Ndiyo, mama," alisema. "Ndiyo, amesema kweli. Hapana, usimtukane, yuko hapa. Mama, nisikilize. Ulete upinde Krismasi. Ulete, nitakufungulia kazi ya huyo jamaa yote nikufungie upya." Halafu akawa anasikiliza tu, akitikisa kichwa, mgongo wake ukitetemeka, na haikueleweka anacheka au analia.

Rodney akaangalia mlango, na viatu vyake vilivyokuwa pale. Ione alivuta kiti, akakisukuma kwake. Kisha akaweka kidole juu ya jina la pili.

"Huyu namba yake hii hapa," alisema. "Tumia simu yako. Ya kwetu ina mtu."